Bi Fundi Anajibu: Tiketi Moja, Mikono Miwili

Mwezi huu nimepata barua tano, na zote ni za seva za blokucheni, yaani ule mnyororo wa kumbukumbu za miamala ya sarafu kama Bitcoin. Sikutarajia hata kidogo. Safu hii ilianza kwa kueleza jinsi ya kuokoa simu iliyotumbukia baharini, na barua iliyonishughulisha zaidi mwaka jana ilikuwa ya kibodi iliyomwagikiwa uji. Haya, dunia inakwenda. Najibu nikiwa dukani Langoni, umeme umekatika tangu adhuhuri, na punda wa jirani amesimama mlangoni hataki kupisha mtu.

"Shikamoo Bi Fundi. Nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya TB 1. Nimeweka Bitcoin Core na ElectrumX, ili mimi na wenzangu watatu tunaolipwa na wageni kwa Bitcoin tutazame pochi zetu kwenye seva yetu wenyewe, si kwenye seva za watu tusiowajua. Leo ni siku ya kumi na moja, nodi imefika asilimia 61, na kila umeme ukikatika inarudi nyuma. Rafiki yangu wa Malindi ana nodi iliyokwisha kamilika. Ananiambia nivuke Mokowe, nipande basi, ninakili diski yake yote, nimalize kwa siku moja. Mwengine anasema kuna mpangilio wa kuizuia programu isikague saini ili iende mbio. Nifuate lipi?" (Kijana wa Mkomani, Lamu)

Marahaba mwanangu. Kilichonishtua si hiyo asilimia 61, ni hapo uliposema "inarudi nyuma". Nadhani umeongeza dbcache, sivyo?

Niwaeleze wengine. Bitcoin Core ni programu inayopakua na kukagua miamala yote ya Bitcoin, iliyofungwa mafungu mafungu yaitwayo mabloku. Kompyuta inayoiendesha ndiyo nodi, na ElectrumX hukaa juu yake kujibu maswali ya pochi. Bitcoin Core ina daftari la sarafu zote ambazo bado hazijatumika. Kila bloku likija, mistari kadhaa inafutwa na mingine inaandikwa. Kuandika diskini kila mara kungechosha, kwa hiyo daftari linashikwa kwenye RAM, likijaa ndipo linamwagwa diskini. Nafasi yake hiyo ya RAM ndiyo dbcache, na kwa matoleo mengi kawaida yake ni MB 450. Ukiipa MB 4000 au 5000 kazi inakimbia kweli. Lakini umeme ukikatika kabla daftari halijamwagwa, yaliyokuwa RAM yote yamekwenda, na programu inabidi irudie hesabu kuanzia mara ya mwisho ilipoandika.

Yalinipata mimi mwenyewe. Nodi ya mteja wa Shela niliipa MB 5000, nikajiona mjanja. Saa tisa ya usiku umeme ukaenda. Asubuhi nilipoiwasha nikatazama nambari ya bloku, nikaikuta iko pale ilipokuwa jana yake alasiri. Kazi ya usiku mzima, bure. Nikaiteremsha hadi MB 1500, nikanunua UPS ndogo, na nikamfundisha mwenye nyumba kuandika bitcoin-cli stop na kungoja programu ifunge yenyewe kabla hajachomoa waya. Anangoja kweli. Husema ni kama kungoja mashua ifungwe kamba kabla ya kurukia gatini.

Bado nodi ile ikawa inasuasua. Nikachomoa waya wa SSD nikaumulika kwa tochi: pini za ndani zimeota ukungu wa kijani. Chumvi! Nyumba yenyewe iko hatua ishirini kutoka majini, madirisha wazi mchana kutwa. Sasa, lile tundu la buluu la USB 3 lina pini zake za ziada za mwendo wa kasi. Zikiliwa na kutu, diski haifi, inajishusha kimya kimya hadi mwendo wa USB 2, na wewe unakaa kuilaumu Bitcoin. Andika lsusb -t. Ukiona 480M penye diski yako badala ya 5000M, ugonjwa uko kwenye waya au kwenye tundu. Nilisugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu, nikabadilisha waya, na jioni ile ile nambari za bloku zikaanza kupita mbele ya macho yangu kama nyavu zinavyovutwa. Anza na hapo kabla hujatafuta mpangilio wowote.

Ama la saini, yaani uthibitisho kwamba mwenye sarafu ameruhusu itumike. Huyo aliyekushauri pengine hajui kwamba analolitaka tayari lipo. Tangu toleo la 0.14 la mwaka 2017, Bitcoin Core haikagui saini za mabloku ya zamani yaliyotangulia bloku fulani ambalo hashi yake (alama yake ya utambulisho) imeandikwa ndani ya programu na kutazamwa hadharani na watu wengi. Yaliyobaki yote inayakagua: kama sarafu ipo kweli, kama haijatumika, kama hesabu ya kila muamala inalingana. Saini za mabloku ya karibuni nazo inazikagua. Kwa hiyo hakuna mbio zaidi utakazopata hapo, na mtu akikupa hashi yake uiweke badala ya ile ya programu, umeshamkabidhi yeye funguo.

Mimi kasi naipenda, msinielewe vibaya. Lakini huwa nauliza imetoka wapi. Toleo la 0.12, Februari 2016, liliacha kutumia OpenSSL, maktaba ya msimbo wa usimbaji inayotumiwa na programu nyingi, kuhakiki saini za miamala, likaanza kutumia maktaba ya libsecp256k1 iliyoanzishwa na Pieter Wuille, mmoja wa watengenezaji wa Bitcoin Core. Kwenye kompyuta za kawaida za biti 64 uhakiki wa saini ukawa na kasi zaidi ya mara tano. Hakuna kilichorukwa, ila hesabu ile ile imepigwa kwa ustadi. Na kabla ya hapo, walipokuwa wakiijaribu maktaba hiyo kwa kuilinganisha na OpenSSL, ndipo kosa la hesabu likaonekana ndani ya OpenSSL yenyewe: mara chache mno, ukiipa nambari izidishe kwa nafsi yake, ilitoa jibu lisilo sahihi. Lilirekebishwa Januari 2015. Yaani walikwenda kutafuta mwendo, wakarudi na usalama.

Sasa sikia kasi ya namna nyingine. Katika toleo lile lile la 0.14 kulikuwa na ukaguzi mmoja unaotazama kama muamala umeitaja sarafu moja mara mbili ndani yake. Watengenezaji waliona ni wa ziada, mbele kuna mwingine utakaonasa, wakauondoa kwa miamala inayofika ikiwa ndani ya bloku, ili bloku lihakikiwe upesi. Nenda gatini asubuhi uone mashua za Mokowe zinavyopakia. Tuseme karani wa tiketi ameambiwa asisumbuke kutazama kama abiria mmoja ameonyesha tiketi ile ile mara mbili, kwani nahodha atahesabu vichwa. Abiria akainyanyua kwa mkono wa kulia, akahesabiwa. Akainyanyua kwa mkono wa kushoto, akahesabiwa tena. Na nahodha naye anahesabu tiketi alizoambiwa na karani, hahesabu vichwa.

Kwenye 0.14 nodi iliyokutana na bloku la namna hiyo ingezimika. Kuanzia 0.15, kwa sababu ya mabadiliko mengine, hali ikawa mbaya zaidi: mchimbaji (yule anayeunda mabloku mapya) mwenye nia mbaya angeweza kuzaa sarafu ambazo hazikuwapo, na nodi zikamkubalia. Kosa hilo lilikaa humo mwaka na nusu. Mwaka 2018 ndipo mtengenezaji programu wa upande wa Bitcoin Cash, sarafu iliyojitenga na Bitcoin, akaliona na kulitolea taarifa, na toleo la 0.16.3 likatoka tarehe 18 Septemba likiurudisha ukaguzi ule. Kwenye Bitcoin yenyewe hakuna aliyewahi kulitumia. Bahati njema tu, na pia mchimbaji angehatarisha bloku lake, ambalo wakati huo malipo yake yalikuwa bitcoin 12.5. Tangu hapo, mtu akiniambia "ukaguzi huu ni wa ziada", mimi humwomba anionyeshe huo mwingine kwa kidole.

Nimechukua nafasi kubwa, lakini bado la diski ya Malindi. Nenda, safari njema. Ila usichukue yote. Folda ya blocks ni kama gunia la risiti. Folda ya chainstate ndiyo daftari lililojumlishwa. Ukinakili daftari, umekubali jumla ya mwenzako bila kuihesabu. Simwiti rafiki yako mwizi, diski yake tu ikiwa na kasoro, nawe unayo. Chukua gunia la risiti, kisha washa nodi yako kwa -reindex, izihesabu yenyewe moja moja. Utakuwa umeokoa bando na siku za kupakua, na ukaguzi umebaki kwako. Kabla hajakupa, aizime nodi yake kwa adabu. Na tangu toleo la 28.0 faili za mabloku huvurugwa kwa ufunguo uliomo kwenye faili iitwayo xor.dat, kwa hiyo toa kila kilichomo kwenye folda yako ya blocks, pamoja na xor.dat yako, kabla ya kumimina za kwake. Kama yake inayo xor.dat, njoo nayo.

Kuna wanaosifu ule utaratibu mpya wa kuanza na picha ya daftari, unaoitwa assumeutxo. Ni mzuri, maana hashi ya picha imo ndani ya programu na nodi huendelea kuhakiki yote nyuma ya pazia. Lakini ElectrumX inataka faharasa kamili ya miamala, txindex, nayo haikamiliki mpaka huo uhakiki wa nyuma umalizike. Wewe haikufupishii safari.

Na TB 1 itakubana. Mabloku peke yake yamepita GB 600, bado txindex, bado hifadhidata ya ElectrumX. Anzeni kuchanga TB 2 nyote wanne.

"Bi Fundi, salamu kutoka Malindi. Nadhani kijana mmoja wa Mkomani amekwisha kukuandikia habari zangu. Nodi yangu ni Bitcoin Core 0.21, haijanisumbua hata siku moja tangu niiweke. Mjomba wangu hunifundisha kwamba kitu kikifanya kazi usikiguse. Kuna haja gani ya kusasisha?" (Mwenye nodi, Malindi)

Nimecheka peke yangu dukani. Karibu.

Mjomba wako ana hoja, na nitampa ushahidi bure. Februari 2013, toleo la 0.8 lilibadilisha hifadhidata kutoka Berkeley DB kwenda LevelDB, ambayo ni nyepesi zaidi. Machi likachimbwa bloku kubwa, nodi za 0.8 zikalikubali, za zamani zikalikataa kwa sababu Berkeley DB ilikuwa na kikomo cha kufuli, yaani sehemu ngapi inaweza kuzishika kwa mara moja, ambacho hakuna aliyekijua kuwa ni sharti. Mnyororo ukapasuka vipande viwili kwa saa kadhaa, mpaka wachimbaji wakubwa wakarudi 0.7 kwa hiari. Kwa hiyo sikushauri kusasisha siku ile ile toleo jipya linapotoka. Mimi hungoja wiki mbili tatu, nisome walioingia kabla yangu wanasemaje.

Lakini wewe hujangoja wiki tatu. Toleo lako ni la Januari 2021! Baada ya 0.21 walitupa ile sifuri ya mbele, likaja 22.0, na mengine mengi yamefuata. Na hujui unachokikosa, kwa sababu hukuambiwa, na hukuambiwa kwa makusudi. Utaratibu wa watengenezaji ni kwamba kosa zito la usalama hurekebishwa kimya kimya, na habari zake hutangazwa pale tu matoleo yenye kosa hilo yanapokwisha kuachwa. Ukisoma maelezo ya toleo ukaona hakuna neno "usalama", usidhani halimo. Julai 2024 walianza kuyafungua ya zamani. Moja linakuhusu: nodi ya kabla ya 22.0 ingeweza kuzimishwa na mtu aliye mbali kwa kuimiminia tu anwani za nodi nyingine bila kikomo, mpaka kihesabu chake kikafurika. Dawa ilikuwa kuweka kipimo cha anwani ngapi zinapokelewa kwa muda fulani. Jengine lilirekebishwa katika 24.0.1: nodi ilikubali kuhifadhi vichwa (mihtasari) vya mabloku ya uongo mpaka RAM inajaa.

Unapata na kasi juu yake, na tangu 27.0 ya Aprili 2024 mazungumzo kati ya nodi na nodi husimbwa bila wewe kuwasha chochote. Pakua, linganisha hashi na ile iliyomo kwenye SHA256SUMS, hakiki saini za waliotia sahihi, ndipo usakinishe. Na mwambie kijana faili zako hazina xor.dat, asije akaitafuta usiku kucha.

"Bi Fundi, mimi nafanya kazi nyumba ya wageni hapa Malindi. Nilipotaka kutuma Bitcoin kwa pochi ya Electrum kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini, seva ilikataa, ikatokea ilani imepambwa vizuri inasema nipakue toleo jipya, na kiungo kipo. Nimeogopa, sijabonyeza." (Dada wa Malindi)

Dadangu, Mungu amekuokoa. Usibonyeze. Hiyo ni hila ya Desemba 2018 na inaonekana bado ina wateja. Pochi ya Electrum haishiki blokucheni nzima, inauliza seva. Wezi walianzisha seva zao nyingi, na kila mtu alipotuma muamala kupitia kwao walirudisha ujumbe wa kosa. Pochi za wakati huo zilikuwa zikionyesha ujumbe wa seva kama ulivyo, na mapambo yake na viungo vyake, kama kwamba pochi yenyewe ndiyo inayosema. Toleo linalopakuliwa hapo ni pochi ya kuiba.

Sarafu zako bado zipo, seva haishiki ufunguo wako. Ila kama ilani imekuja na kiungo cha kubonyeza, basi pochi hiyo ni ya kabla ya 3.3.4, na zote za kabla ya hapo haziko salama. Chukua karatasi yako ya maneno ya siri, nenda kwenye kompyuta nyingine, andika anwani ya electrum.org kwa mkono wako mwenyewe, usipitie tangazo wala kiungo cha mtu, kisha urejeshe pochi hapo. Maneno ya siri usiyapige picha.

"Mjukuu wangu ameweka kisanduku ukutani, kinawaka taa kijani usiku na mchana. Ananiambia ni Bitcoin. Kitaniletea shilingi ngapi kwa mwezi?" (Mzee wa Kipungani)

Shikamoo mzee. Hakileti hata ndururu. Hicho kinakagua tu, hakichimbi. Wanaochimba wana mashine za kazi hiyo peke yake, zinazovuma kama jenereta. Umeme wa kisanduku hicho ni mdogo, kama wa taa moja, mvumilie.

"Bi Fundi, nasoma Nairobi na seva yangu ya ElectrumX nimeiacha nyumbani Maweni. Fundi mmoja alinifungulia milango ya mtandao (port) 8332, 8333, 50001 na 50002 kwenye ruta inayotumia laini ya simu. Bado simu yangu haiifikii. Tatizo ni nini?" (Mwanafunzi, Malindi)

Tatizo la kwanza ni huyo fundi. Mpigie mtu wa nyumbani sasa hivi aufunge 8332. Huo ndio mlango wa kutoa amri. Atakayepita hapo na nywila yako anaweza kuiagiza nodi ifanye chochote, ikiwa ni pamoja na kutuma sarafu kama pochi imo humo. ElectrumX iko kwenye mashine ile ile, inaongea na nodi ndani kwa ndani, haihitaji mlango huo uwe wazi kwa dunia. 8333 ni wa nodi kuongea na nodi, huo ukipenda uache. 50001 unapitisha maneno wazi bila kusimbwa, ufunge. 50002 una SSL, maneno yake husimbwa.

Kwa nini haifiki: ruta za laini ya simu mara nyingi hazipewi anwani yao wenyewe ya intaneti. Wateja wengi wanagawana anwani moja. Ni kama kufungua mlango wa chumba ndani ya nyumba ya ghorofa. Mlango uko wazi, lakini aliye barabarani bado ana lango kuu mbele yake, na ufunguo wa lango anao mwenye nyumba. Utafungua milango mpaka uchoke.

Tumia Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano kwa siri kupitia kompyuta nyingi. Weka huduma ya Tor kwenye seva yako, iunganishe na ElectrumX, upate anwani inayoishia na .onion. Kwenye simu weka Orbot, programu ya Tor ya simu, kisha uipe pochi anwani hiyo. Huhitaji kufungua mlango hata mmoja kwenye ruta, na hakuna atakayejua seva iko Maweni. Ni nzito kidogo, pochi itachukua sekunde kadhaa kufunguka.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua utaniandikia tena. ElectrumX humhesabia kila aliyeunganishwa gharama ya maombi yake. Akizidisha huanza kucheleweshwa, akiendelea hukatwa. Ni kinga dhidi ya wanaoishambulia seva kwa maswali mengi. Lakini pochi yenye anwani nyingi za zamani inaweza kufikia kikomo hicho, na ukajikuta umekatwa na seva yako mwenyewe. Ikikutokea, usiisakinishe upya. Tafuta COST_SOFT_LIMIT na COST_HARD_LIMIT kwenye faili ya mipangilio, uongeze, uiwashe tena. Kwa kuwa anwani yako ya .onion unaijua wewe peke yako, unaweza kuongeza bila hofu.